Chuma Kilichokataa Kupinda

Sumbawanga,
14 Agosti 2023

Mdogo wangu Cornelia,

Nakusalimu kutoka huku kwenye upepo. Mwaka huu baridi ya Ufipa imekuja mapema na imekataa kuondoka. Mama hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatembea mwenyewe mpaka kwenye ulezi wake na hataki kushikwa mkono. Wifi yako Anjela mzima, na Sharon wetu amekuwa wa tano darasani, anasema umtumie picha ya barafu. Mahindi yamekubali. Laela imejaa malori ya wanunuzi, hata pa kupita na baiskeli hakuna.

Najua utashangaa kupata barua. Simu yangu imekufa na sijapata nyingine. Mimi nipo hapa mjini Sumbawanga, kuna kazi imenishika na itanishika kwa muda. Ukinijibu, andika kwa sanduku la posta la parokia, kwa jina la katekista Cornelius. Atanifikishia. Usimsumbue Anjela kwa maswali, ana mavuno.

Nina swali la kifundi. Watu wakiniuliza unasoma nini huko, nawaambia mdogo wangu anasoma vyuma. Sasa nieleze kama unavyomweleza mtu wa darasa la saba. Mimi najua chuma kikizidiwa na mzigo kinapinda kwanza. Kinalalamika, unakiona, unatoa watu chini. Je, kuna chuma kinachoweza kuvunjika mara moja bila kupinda hata kidogo, na kwa nje kilikuwa kizima? Na je, baridi inahusika?

Nijibu mapema.

Kaka yako,
Wilibrodi


22 Septemba 2023

Kaka Wilibrodi, shikamoo.

Barua yako imetembea wiki tano. Niliifungua nikiwa bado kwenye ngazi, na mkoba begani. Nafurahi Mama anatembea. Mwambie Sharon barafu bado, huku sasa majani ndiyo yanaanguka, lakini ikifika nitampigia picha mpaka achoke.

Swali lako ni swali langu pia. Ndiyo, kipo chuma cha namna hiyo, na ndicho ninachokisoma kila siku. Ngoja nikueleze.

Ndani ya chuma atomu zimepangwa kwa safu, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Chuma kikipinda, maana yake safu zimeteleza moja juu ya nyingine bila kuachana. Sasa hapa chuoni kwetu kuna kinu kidogo cha nyuklia cha utafiti, kimejengwa kabla sijazaliwa. Kikiwaka kinatoa nyutroni. Nyutroni ni chembe ndogo isiyo na umeme, inapenya chuma kana kwamba hakipo. Lakini mara moja moja inaigonga atomu na kuing'oa mahali pake, na hiyo iliyong'olewa inagonga jirani zake. Nyingi zinarudi. Chache hazirudi. Panabaki tundu hapa, na atomu iliyojibana pasipo pake pale. Yakiwa mengi, safu haziwezi tena kuteleza, zinakwama. Mzigo ukija, chuma hakina namna ya kupinda. Kinavunjika. Na kwa macho hakina alama yoyote.

Tangi la kinu chetu limebebwa na miguu minne ya chuma. Miguu iko mbali na moyo wa kinu, nyutroni zinazoifikia ni kidogo sana. Waliojenga walisema kiasi hicho si kitu. Ila walitundika vipande kumi na vinane vya chuma kilekile kando ya miguu, ili siku moja vitolewe na kupimwa. Vimekaa pale miaka thelathini na mmoja. Mimi ndiye ninayevipima.

Kuhusu baridi: ndiyo, inahusika sana. Chuma kisicho kizuri kinaweza kupinda mchana wa jua na kuvunjika asubuhi ya baridi. Wala hakihitaji nyutroni. Uchafu uliobaki wakati wa kukiyeyusha unatosha.

Mimi mzima. Profesa anataka ripoti kabla ya mwaka mpya. Pasipoti yangu iko ofisi ya chuo ili waniongezee kibali cha kuishi, maana cha sasa kinaisha Julai. Mengine ni ya kawaida.

Sasa na mimi nikuulize. Nilimpigia Anjela kabla barua yako haijafika. Aliniambia umeshuka bondeni Kaoze kufunga mashine ya kukoboa mpunga. Wewe unasema uko Sumbawanga. Nikaomba kuongea na Mama, akaniambia tu nikuombee, akarudisha simu. Uko wapi, kaka?

Mdogo wako,
Cornelia


Sumbawanga,
6 Novemba 2023

Mdogo wangu,

Nyumbani ni wazima wote. Mvua za kwanza zimeonja udongo, Anjela ameanza kulima na dada zake wanamsaidia. Katekista Cornelius anakusalimu, bado anakukumbuka ulivyokuwa ukisoma somo la pili kanisani kwa sauti ndogo.

Niko mahabusu. Nimeona niliandike kwa neno moja.

Alhamisi tarehe 13 Julai, saa moja asubuhi, majani yakiwa meupe kwa baridi, jukwaa la ghala moja pale Laela lilianguka. Ni mimi niliyelichomelea mwezi wa tano. Juu palikuwa na magunia mia mbili ya mahindi. Chini alikuwepo Loth, mume wa Marsiana, anayefanya kazi ya ukuli hapo. Unamjua, ndiye aliyekuwa akikubeba mabegani wakati wa kuvuka mto. Waliokuwepo wanasema boriti ililia mara moja tu, kama bunduki, na jukwaa likawa chini. Hakukuwa na muda wa kukimbia. Loth alifariki kabla gari halijafika barabarani.

Polisi walinichukua siku ileile, nikiwa bado nimeshika jembe la kuondolea mahindi juu yake. Shtaka ni kuua bila kukusudia. Kesi imetajwa mara saba. Kila mara wanasema upelelezi haujakamilika, tunapandishwa kwenye karandinga, tunarudi. Chumba chetu kina watu arobaini na kitu. Tunalala kwa ubavu, nyapara akisema geuka tunageuka wote. Anjela alinikatalia kukudanganya, mimi ndiye niliyemlazimisha. Niliona ungeacha masomo.

Dhamana imeshindikana. Hakuna mtu wa Laela anayetaka kuonekana amenidhamini mbele ya ukoo wa Loth, na siwalaumu. Aliyejitokeza ni mwenye ghala peke yake. Ameniletea wakili. Wakili anasema kesi itakuwa nyepesi kwetu wote wawili tukipata mtaalamu aandike kwamba chuma kinaweza kuharibika ndani bila fundi kuona. Nikamwambia nina mdogo wangu anayesoma hilo hasa. Aliinuka kwenye kiti.

Kwa hiyo nakuomba karatasi hiyo, yenye muhuri wa chuo chako. Si uongo, umeniandikia mwenyewe kwamba kwa macho hakina alama. Nimeisoma barua yako mpaka mikunjo imeanza kukatika.

Usilie. Nisaidie.

Kaka yako


19 Desemba 2023

Kaka, shikamoo.

Nimelia, usinikataze. Kisha nikampigia Anjela na yeye akalia, tukamaliza salio bila kusemezana neno la maana. Mama ameniambia anakuletea dona kila Jumapili kwa basi, na magoti yale. Miezi mitano mmenificha. Nilikuwa nawaandikia habari za majani yanayoanguka.

Habari ya Loth imenishika vibaya zaidi. Sijui nimwandikie nini Marsiana. Nimeanza mara tatu.

Kuhusu karatasi. Naweza kuiandika kwa saa moja. Kila neno ndani yake litakuwa kweli, na hilo ndilo linalonitisha. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma chuma kilichovunjika kabla sijajua kwamba kuna chuo cha kufundisha jambo hilo. Nilikuwa darasa la sita, nakushikia kioo cha kuchomelea. Ulivunja vipande viwili ukaniwekea mkononi. Hiki cha kijivu kama uzi uliochanika, ukasema, ni chuma cha kubebea watu. Hiki kinachometa kama chumvi ya mawe ni cha kutengenezea geti la kuku. Sijasahau. Maprofesa hapa wanasema maneno hayohayo kwa kirefu.

Boriti ile uliikata mwenyewe. Kwa hiyo kabla sijaandika chochote nijibu swali moja tu. Ulipoikata, uliona nini?

Ukiniambia hukuona kitu, nitaandika siku hiyohiyo na muhuri nitautafuta.

Huku theluji imefika madirishani. Kuhusu chuo usiniulize kwa sasa.

Cornelia


11 Februari 2024

Kaka, shikamoo.

Sijapata jibu. Katekista ameniambia kwa simu kwamba barua yangu ulipewa mkononi tangu katikati ya Januari. Anasema uliikunja ukaiweka ndani ya shati. Basi.

Nilikuuliza swali kana kwamba mimi ni hakimu, na kuna jambo langu nililificha chini ya theluji. Nalisema sasa.

Tunapima hivi. Kipande cha chuma, kirefu kama kidole, kinakatwa mkato mdogo katikati. Kinawekwa kwenye njia ya nyundo nzito yenye mkono mrefu. Nyundo inaachiwa. Chuma kizuri kinaivuta nyundo, kinapinda, kinachanika kwa taabu, na nyundo inapita upande wa pili imechoka. Vipande kumi na viwili vilifanya hivyo. Sita havikufanya. Nyundo ilipita kana kwamba hakuna kitu, na nusu mbili zikaruka mpaka ukutani. Niliziokota. Zilikuwa zinameta.

Hivyo sita ndivyo vilivyokuwa karibu na mguu wa kaskazini. Sababu naijua. Nyutroni zilikuwa chache kweli, lakini pale pana ubaridi wa maji mwaka mzima, na chuma kikiwa baridi atomu zilizong'olewa hazina nguvu ya kurudi. Kidogo kidogo, miaka thelathini na mmoja, bila hata moja kusahaulika. Hesabu za zamani hazikulitazama hilo.

Profesa alisema vipande sita vilihifadhiwa vibaya, havifai kuhesabiwa. Nikamwonyesha daftari kwamba vilihifadhiwa sanduku moja na vingine. Akasema, kwa upole sana, kwamba kinu kinaomba ruhusa ya miaka kumi zaidi, kwamba bila kinu hakuna maabara, bila maabara hakuna shahada yangu, na kwamba angependa kusaini barua ya kibali changu wiki hiyo. Ripoti ilikuwa mezani. Inasema vipande kumi na viwili, vyote vizuri.

Niliisaini tarehe 20 Desemba. Siku moja baada ya kukuandikia barua ile.

Hakuna ninayeweza kumwambia hapa. Natembea kutoka chumbani mpaka maabara na kutoka maabara mpaka chumbani. Kwenye geti naonyesha kitambulisho, wananifungulia, mlango unajifunga nyuma yangu. Najua wewe ndiye uliyefungwa kweli, si mimi. Nakuandikia tu.

Hata kama hutaki kujibu swali langu, niandikie kuwa u mzima.

Cornelia


Sumbawanga,
14 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Nilipata homa mwezi wa pili, ikapita. Mama amepumzika safari za Jumapili kwa sababu ya matope, sasa anakuja Anjela. Mahindi yameshabeba. Sharon amenitumia mchoro wa barafu aliyoiona kwenye picha yako, nimeubandika kwa uji ukutani.

Sikunyamaza kwa kukosa karatasi. Nilikuwa nayo.

Niliona. Vyuma vile mwenye ghala alivileta mwenyewe kwenye lori, vya kuukuu, hakuna aliyejua vimetoka wapi. Siku ya pili nilikata boriti moja, na kipande kilichobaki, kirefu kama mkono, kikaniponyoka. Kilianguka sakafuni kikawa viwili. Kwa kuanguka tu, Cornelia, kutoka urefu wa meza. Nikaokota. Kilikuwa kama chumvi.

Nilikwenda kwa mwenye ghala nikamwambia chuma hiki si cha kubebea mzigo juu ya watu. Akasema msimu unaanza, malori yameshaagizwa, chuma kingine kutoka Mbeya ni wiki mbili. Akasema, "Ongeza nguzo moja katikati, wewe ni fundi." Niliongeza. Nikajiambia nguzo itasaidia. Vile vipande viwili nilivitupa kwenye shimo la choo cha karakana, nikapaka rangi ya kijivu jukwaa lote kwa mkono wangu. Hakuna aliyenilazimisha kupaka. Ningeweza kufunga vifaa vyangu nikaondoka. Niliogopa ataita fundi mwingine na jina langu litakwisha Laela.

Barua yako ya Desemba ilikaa shatini miezi mitatu. Kila asubuhi tukihesabiwa nilikuwa naisikia inavyolia nikinyoosha mkono. Wakili alikuja mara mbili kuulizia karatasi ya mdogo wangu. Mara ya pili nilimwambia haitakuja, na nilimwambia nilichokiona. Alifunga faili. Tangu hapo hajarudi, na mwenye ghala haleti tena sabuni. Wiki iliyopita nimeomba kuandika maelezo upya. Polisi wamekwenda kufukua shimo. Vipande wamevipata.

Usiandike chochote kwa ajili yangu.

Kuhusu lako, sina mdomo wa kukuhukumu. Nataka kukuuliza kama fundi. Kinu hicho kikiwaka, chini ya tangi au karibu yake huwa wanakaa watu wangapi?

Kaka yako,
Wilibrodi


2 Juni 2024

Kaka, shikamoo.

Ni kumi na mmoja kwa kila zamu. Ng'ambo ya uzio kuna shule ya chekechea, nasikia wanavyoimba saa nne asubuhi. Hukuwa na haja ya kuuliza zaidi ya hapo.

Kwanza za nyumbani. Nimeongea na Mama nusu saa. Amesema tangu uandike maelezo mapya unakula vizuri. Ameuza mbuzi mmoja ili Anjela apate nauli, na ameniagiza nisithubutu kumrudishia hela.

Barua yako niliisoma Jumatano moja mwanzoni mwa Mei. Alhamisi nilikwenda kwa Profesa. Si mtu mbaya, kaka. Ndiye aliyeninunulia koti nilipofika. Nilimwambia nataka kuondoa saini yangu na kurudisha vipande sita kwenye ripoti. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Akaniuliza kama najua itakuwaje kwangu. Nikamwambia najua kiasi.

"Miguu ile imesimama miaka thelathini na mmoja," akasema.

Nikamwambia, "Na vile vipande pia vilisimama, mpaka nilipovigonga."

Jioni nilipeleka daftari langu na picha za vipande kwa wakaguzi wa serikali wa usalama wa vinu. Yule fundi mzee wa maabara, anayeachia nyundo, alinisindikiza mpaka mlangoni kwao na yeye akaandika jina lake chini ya langu. Sikumwomba.

Kinu kimezimwa wiki tatu sasa. Wakaguzi walikata ganda jembamba kwenye mguu wa kaskazini wenyewe. Majibu wamenisomea jana: ni hali ileile ya vipande sita, na mbaya kuliko nilivyokadiria. Walisema lile tangi lingeweza kukaa miaka mingine mitano, au lingeshuka majira ya baridi yajayo wakati wa kujaza maji. Hakuna anayejua.

Mimi kitambulisho changu hakifungui tena geti. Shahada imesimamishwa mpaka shauri walilomfungulia Profesa liishe. Kibali kinaisha mwezi ujao, na bila chuo hakuna wa kuniombea kingine. Nimeomba pasipoti yangu ili nirudi nyumbani. Ofisi inasema ni sehemu ya faili, na wakaguzi wanasema wananihitaji kama shahidi, nisiondoke. Siruhusiwi kufanya kazi, siruhusiwi kuondoka, na tarehe ya shauri haijapangwa. Kila Jumatatu nakwenda kuuliza, kila Jumatatu naambiwa Jumatatu.

Nakaa chumbani. Fundi mzee ananiletea supu ya kabichi kwenye kopo. Nafagia mara mbili kwa siku.

Sijutii. Ila kuna saa naogopa sana, na ni wewe tu ninayeweza kukuambia.

Mwambie Marsiana nimemwandikia hatimaye. Barua iko njiani.

Mdogo wako


Sumbawanga,
25 Agosti 2024

Mdogo wangu Cornelia,

Barua hii utaipata ukiwa wapi sijui. Nimemwomba katekista aitume kwenye anwani ileile, na kama umehamishwa basi yule mzee wa supu atakutafuta. Nyumbani wamevuna, si haba. Mama amepata fimbo ya mti mgumu na ameikubali. Sharon anasema akimaliza shule atasoma vyuma, Anjela amemwambia asome kitu kingine chochote.

Hukumu ilitoka tarehe 9. Nilikiri. Jaji alisoma kwa nusu saa, akaeleza vile vipande viwili, vilikuwa juu ya meza yake ndani ya mfuko wa plastiki. Nimepewa miaka minne. Mwenye ghala naye ameshtakiwa, kesi yake inaendelea akiwa nje kwa dhamana. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa Laela, hakuna aliyepiga kelele. Jaji alisema nimeonyesha ukweli wote na kwamba hilo limenipunguzia. Mama aliposikia hivyo alitikisa kichwa kama anayeshukuru.

Sasa nimevaa nguo za wafungwa na nimepangiwa shamba. Wamejua mimi ni fundi, wakataka nichomelee vitanda vya bweni jipya. Nimeomba nibaki shambani. Afande amenishangaa lakini amekubali.

Jumapili iliyopita nimeitwa, nina mgeni. Nilidhani ni Anjela. Alikuwa Marsiana.

Tangu mwaka jana hakuwahi kuja. Mahakamani alikaa nyuma na hakunitazama. Alikaa upande wa pili wa waya, amevaa kitenge cha msiba kilichopauka. Tulisalimiana. Aliniambia barua yako ameipata, na kwamba ameisoma na kuiweka. Aliniambia watoto wapo shule.

Kisha akasema, "Loth aliniambia alikuuliza."

Cornelia, siku niliyokuwa napaka rangi, Loth alikuja na chai kwenye chupa. Tulikunywa wote. Aligonga nguzo kwa kiganja, akaniuliza kama jukwaa hili litabeba, maana yeye ndiye atakayekuwa chini yake msimu mzima. Brashi ilikuwa mkononi mwangu. Nilimwambia litabeba. Akafurahi, akaondoka na chupa yake.

Hilo sikuliandika kwenye maelezo. Sikumwambia wakili, wala padre. Wewe pia nilikuandikia yote nikaliruka hilo, na nilijua naliruka. Jaji aliposema nimetoa ukweli wote, nilikuwa nimeshika kizimba kwa mikono miwili.

Nilimwambia Marsiana, "Aliniuliza. Nikamwambia litabeba."

Akasema, "Nilikwenda mahakamani kila tarehe. Nilikuwa nasubiri nikusikie ukilisema."

Alikaa mpaka muda ulipoisha, dakika kumi hivi. Afande alipogonga mlango alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akaenda kuwahi basi la Laela.

Nimeomba karatasi nyingine baada ya hii. Nataka kumwandikia jaji.

Wilibrodi